Ng'ombe Mwenye Majina Mawili

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Mkaguzi Msaidizi Kabula Maganga alikuwa ameshakaa mezani kwake, jalada likiwa wazi na chai ikipoa pembeni. Jalada lenyewe lilikuwa jembamba la kutia huruma: maelezo ya mlalamikaji, maelezo ya mtuhumiwa, na karatasi moja ya miamala ya simu. Kwa wengi hapo kituoni kesi hii ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Pesa ilitoka kwa mzee, ikaingia kwa binti, na maksai wa mzee hawakuonekana. Kabula alikuwa na kisirani na kesi zinazokwisha mapema namna hiyo.

Mlalamikaji alikuwa Mzee Mayige, mkulima wa pamba kutoka Sola. Jana, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, alituma shilingi milioni tatu, laki nne na mia nane kwa ajili ya jozi ya maksai wa kulimia. Namba aliyopewa ilisajiliwa kwa jina la Winnie, binti wa miaka ishirini na mitano aliyepanga chumba hapa hapa Bariadi mjini. Sasa Winnie alikuwa mahabusu, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza kunyesha Mzee Mayige akiwa hana ng'ombe wala pesa.

"Saa nane mchana anapelekwa mahakamani," alisema Afande Martha, mkuu wa upelelezi, akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Kujipatia fedha kwa udanganyifu. Pesa imekutwa kwenye laini yake, Kabula. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini haijatoka."

"Nini haijatoka?"

"Hiyo pesa, afande. Tapeli akipokea milioni tatu anaitoa kabla simu haijapoa. Huyu alipokea kabla ya saa sita, tukamkamata saa kumi jioni anasonga ugali, na hajagusa hata mia. Tena kwenye laini yenye jina lake la kitambulisho."

"Labda ni mgeni kwenye kazi."

"Labda. Nipe mpaka saa sita."

Afande Martha alitazama saa ya ukutani, halafu akamtazama Kabula. Alimjua vizuri. Miaka minne waliyofanya kazi pamoja, hajawahi kumsikia akiomba muda asioutumia. "Saa sita," alisema. "Ikipita hapo nasaini hati ya mashtaka."

Winnie aliletwa pekupeku, viatu na mkanda vikiwa vimebaki kaunta kama taratibu zinavyotaka. Macho yalikuwa mekundu lakini shingo ilikuwa imesimama. Kabula alimsogezea kile kikombe cha chai.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kunywa. Halafu unieleze hiyo biashara yako kama unamweleza shangazi yako ambaye hata vocha hajui kuingiza."

Winnie alikunywa mafunda mawili. Kazi yake, alisema, ni kuandika yale maneno yanayosomeka chini ya video, kwa kampuni ya nje. Kampuni hiyo inamlipa kwa sarafu mtandao, zile ambazo moja yake husimama sawa na dola moja. Mama mwenye nyumba hapokei sarafu mtandao, kwa hiyo inabidi aziuze apate shilingi.

"Unamuuzia nani?"

"Mtu yeyote, afande. Kuna programu ya simu tunakutana humo, muuzaji na mnunuzi. Naweka tangazo kwamba nauza. Mtu akitaka anafungua oda. Hapo programu inazishika sarafu zangu, mimi siwezi kuzigusa wala yeye hawezi. Ananitumia shilingi kwenye simu. Nikiona zimeingia nabonyeza kuachia, sarafu zinakwenda kwake. Ana dakika kumi na tano. Zikipita, oda inakufa."

"Namba yako ya simu anaiona lini?"

"Akishafungua oda tu. Kabla ya hapo haioni."

Kabula aliandika hilo na kulipigia mstari. "Ukaonaje kama pesa imeingia? Kwenye meseji?"

"Hapana." Kwa mara ya kwanza sauti ya binti ilipata nguvu. "Meseji za kughushi nazijua. Watu wameachia sarafu zao kwa meseji za uongo mpaka basi. Mimi niliangalia salio lenyewe."

"Hapo uliwashinda wengi. Umenaswa wapi sasa?"

Winnie aliomba simu yake. Kabula alikata ule mfuko uliofungwa kwa lakiri, akaandika saa kwenye daftari la vielelezo, akamwacha afungue mwenyewe huku yeye akiangalia. Oda ilikuwepo, ikiwa na mazungumzo yote chini yake. Mnunuzi alithibitishwa na programu kwa jina la Paschal Yakobo. Oda ilifunguliwa saa tano na dakika arobaini. Saa tano na dakika arobaini na tisa pesa iliingia, ikionyesha kwamba imetumwa na Mayige. Winnie alikuwa ameuliza: mbona jina si lako? Na jibu lilikuwa hapo, bila hata nukta moja ya wasiwasi.

*Mayige ni jina langu la nyumbani dada. Paschal ni la ubatizo. Kwani wewe mwenyeji wa wapi?*

"Nikaona aibu," alisema Winnie polepole. "Afande, huku kwetu nani hana majina mawili? Mimi mwenyewe nyumbani naitwa Nyanjige, hakuna anayeniita Winnie. Nikaona namsumbua mtu bure. Saa tano na dakika hamsini na tatu nikaachia."

Kabula hakumcheka. Yeye mwenyewe kwenye cheti cha ubatizo alikuwa na jina ambalo hata mama yake alishalisahau.

"Sarafu ziko wapi sasa?"

"Ziko kwake. Ila hawezi kuzitoa wala kuziuza. Ukinunua, programu inazifunga saa ishirini na nne. Mpaka leo saa tano na dakika hamsini na tatu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na dakika ishirini.

"Jana waliniambia nikikubali kumrudishia mzee pesa yake naenda nyumbani," Winnie aliendelea, na hapo ndipo machozi yalipomshinda. "Miezi saba nimeandika maneno ya watu, afande. Nikirudisha, sarafu zimekwenda, pesa imekwenda, na nimekubali kuwa mwizi. Mimi si mwizi."

"Najua," alisema Kabula, akamaanisha. "Tatizo ni kwamba kujua kwangu hakuingii kwenye jalada. Nipe muda."

Mzee Mayige alikuwa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, kofia magotini. Kabula alikaa kando yake, akamwamkia Kisukuma, wakaulizana habari za nyumbani na za mvua mpaka zikaisha. Huyo hakuwa mtu wa kuulizwa maswali kabla ya salamu.

"Baba, wenzangu wanasema ulinunua ng'ombe kwenye picha."

"Nani kasema?" Mzee aligeuka mwili mzima. "Mimi? Ng'ombe kwenye picha? Nilikwenda Dutwa mwenyewe na miguu yangu. Nimewashika nundu, nimewafungua midomo nikahesabu meno, nimewatembeza. Ng'ombe safi kabisa wale!"

"Uliwakuta kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja, Bundala. Huyo Deogratias, muuzaji aliyenipigia simu, alisema yeye yuko Mwanza kikazi, ng'ombe wamelala kwa Bundala."

"Bundala ulimuuliza bei?"

Mzee Mayige alimtazama kwa huzuni. "Bundala ni mkwe wake Deogratias. Ng'ombe si wake, amehifadhi tu. Sasa mimi nisimame kwenye zizi la mkwe wa mtu nianze kuongea habari za hela? Deogratias mwenyewe aliniomba, akasema baba, heshima yangu iko mikononi mwako. Mayu, mama yangu, wewe umelelewa wapi?"

"Hapa hapa, baba."

"Basi unaelewa."

Kabula alielewa sana, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kumchukia huyo Deogratias. "Pesa ulituma vipi?"

"Nilikwenda kwa wakala pale Dutwa senta. Deogratias alikuwa ameniambia nikifika nimwambie, ndipo anitumie namba. Nikafika, akanitumia. Jina likaja la mwanamke, akasema ni mke wake. Na ile mia nane juu akasema ya kutolea."

Meseji yenye namba ya Winnie ilikuwa bado kwenye simu ya mzee. Iliingia saa tano na dakika arobaini na moja. Kabula aliirudia mara mbili, akalinganisha na alichoandika. Dakika moja tu baada ya oda kufunguliwa. Na mia nane hiyo haikuwa ya kutolea chochote. Hakuna maksai anayeuzwa kwa bei yenye mia nane mkiani, ila sarafu elfu moja mia tatu na nane, kwa bei aliyotangaza Winnie, zilikuwa zinagonga hapo hapo bila kuzidi wala kupungua. Mzee hakuwa amelipia ng'ombe. Alikuwa amemlipia mtu sarafu.

Laini ya Deogratias tayari ilikuwa imefuatiliwa. Ilisajiliwa kwa bibi Apolonia wa Nyalikungu, miaka sabini na mmoja, ambaye jana jioni aliwakaribisha askari wa Maswa kwa karanga na kuwaonyesha simu yake ya vitufe yenye laini moja tu. Mwaka jana mtu wa kusajili laini alimwambia kidole hakijasoma, akambonyezesha mara ya pili. Laini iliyotokana na kidole hicho cha pili, ndiyo ya Deogratias, ilizimwa tangu jana mchana. Njia hiyo ilikuwa imefungwa.

"Huyo Deogratias anaongea vipi?" aliuliza Kabula akisimama.

"Kisukuma safi. Tena mtu wa ng'ombe kweli kweli. Alinitajia mpaka majina. Mweupe ni Mzungu, anafungwa kushoto. Wa kijivu ni Mhoja, anakwenda kulia. Na kweli nilipomwita Mhoja, sikio likageuka." Mzee alipiga goti kwa kiganja. "Mtu anayejua ng'ombe hadi upande wake, utasema ni tapeli?"

Kabula aliandika: *Mhoja, kulia.* Halafu akaenda kuomba pikipiki ya ofisi.

Barabara ya Dutwa ilikuwa na unyevu, na pande zote mbili watu walikuwa mashambani wakipiga majembe, wengine wakilima kwa ng'ombe. Kabula aliendesha bila haraka ya kijinga. Kichwani alikuwa na jina la Paschal Yakobo, na kabla hajaondoka Afande Martha alikuwa amelipuuza kwa sababu nzuri: akaunti hizo watu wanauziana, na Paschal Yakobo katika Simiyu nzima ni wengi kuliko mbuzi. Barua kwa wenye programu ingejibiwa baada ya wiki kadhaa. Kabula hakuwa na wiki. Alikuwa na saa mbili na dakika chache.

Mzee Bundala alikuwa anatengeneza mlango wa zizi, mzee mwembamba mwenye koti lililowahi kuwa jeusi. Alimpokea mgeni kwa furaha, akamwitia kigoda na kumsalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Umetumwa na Deogratias?"

Kabula alikaa. "Kwani Deogratias amekuambiaje?"

"Alisema atalipa Ijumaa. Anawanunua hawa wawili ampe baba mkwe wake. Jana alimleta mkwe mwenyewe kuwaangalia, mzee wa Sola, mtu wa maana sana. Na leo mchana anakuja mwingine, baba mdogo wa huyo huyo mke."

"Wakwe wote hao, ng'ombe wawili?"

Bundala alisita, nyundo mkononi. Ni kama wazo hilo lilikuwa likimsubiri mlangoni siku nzima na sasa limeingia bila hodi. "Nami nilijiuliza kidogo," alikiri.

"Na yule wa jana hukumtajia bei."

"Mkwe wa mtu? Deogratias aliniomba nisimwaibishe. Alisema mkwe wake akisikia bei atajiona ananunuliwa. Ni kweli hiyo. Sikusema neno la hela. Tuliongea mvua, tukaongea pamba, akaondoka."

Kabula alifunga daftari akamweleza yote, moja baada ya jingine, kwa lugha ya nyumbani. Wazee wawili wenye adabu walisimama kwenye zizi moja, kila mmoja akimlindia heshima mtu ambaye hajawahi kumwona, na tapeli akapita katikati yao akiwa kwenye simu. Mjini, binti mmoja akaona aibu kuuliza jina mara ya pili. Hakuna kati yao aliyekuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuuma Kabula. Wote walilelewa vizuri.

Bundala alikaa chini kwenye udongo. "Kwa hiyo mzee wa watu amelipia ng'ombe zangu, na mimi sijapata kitu?"

"Ndiyo. Na huyo wa leo alikuwa analetwa kwa kazi hiyo hiyo. Akifika, kabla hata ya maji ya kunywa, mtajie bei."

Halafu Kabula akasimama, akaegemea uzio. Maksai walikuwa wamelala upande wa kivuli, mweupe na wa kijivu. Alimwita yule wa kijivu kwa sauti ya kawaida.

"Mhoja!"

Ng'ombe aligeuza sikio, kisha kichwa. Lakini aliyeruka alikuwa Mzee Bundala. "Shii! Mayu, jina hilo hapa halitajwi!" Aliangalia kuelekea nyumbani, jiko lilikokuwa likitoa moshi. "Mhoja ni baba yake mke wangu. Huyu anaitwa Simenti."

"Lakini ameitika."

"Ameitika kwa sababu alikuja nalo. Nilimnunua mwaka juzi mnadani akiwa na jina hilo. Sasa mimi nitashika fimbo shambani nipige kelele, Mhoja vuta, Mhoja mpumbavu wewe, mke wangu anasikia? Siku ile ile nikambadilisha. Miaka miwili ni Simenti. Ndiyo maana jana mkwe yule alipomwita hivyo nilishtuka, nikanyamaza kwa adabu tu."

Kabula alihisi ile raha ya kazi yake ikipanda taratibu, kama kila mara kitu kimoja kinapokubali kukaa mahali pake. Mtu aliyeongea na Mzee Mayige hakumjua Simenti. Alimjua Mhoja. Alijua na upande wake wa kulimia, kwa hiyo alishawahi kushika jembe nyuma yake, zaidi ya miaka miwili iliyopita.

"Kibali cha mnada unacho?"

"Mimi natupa karatasi ya ng'ombe?" Bundala aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliokuwa na kadi za kliniki, risiti za pamba na, katikati yake, kibali chenye muhuri. Rangi ya ng'ombe: kijivu. Mnunuzi: Bundala. Muuzaji: Yakobo Ng'washi, Dutwa.

"Huyu Yakobo ana watoto?"

"Anao. Aliyekuwa analima na ng'ombe huyu ni yule mkubwa, Paschal. Kijana mwepesi wa jembe. Siku hizi yuko Bariadi, ana stesheneri karibu na soko."

Kabula alitazama saa. Saa nne na dakika kumi na tano. "Baba, chukua bodaboda unifuate mjini. Kituo kitalipa. Na karatasi hii naondoka nayo."

Stesheneri ilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kutolea kopi, madaftari ya shule, na kijana wa miaka kama ishirini na minane aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Ilikuwa saa tano na dakika tano. Kabula, akiwa na nguo za kiraia, alimsalimu na kumpa kibali.

"Kopi moja, tafadhali."

Kijana aliweka karatasi kwenye mashine bila kuitazama. Taa ikapita. Alipoitoa ndipo macho yake yalipoangukia maandishi, na yakabaki hapo muda mrefu kuliko kopi moja inavyohitaji.

"Mia mbili," alisema.

Kabula alimpa mia mbili. "Huyo Yakobo Ng'washi unamfahamu?"

"Ni baba yangu."

"Basi wewe ndiye Paschal. Naitwa Mkaguzi Msaidizi Kabula, natoka upelelezi. Karibu kituoni utusaidie maelezo kidogo. Funga duka, na uje na simu yako."

Paschal alifunga duka vizuri tu, akajaribu kufuli mara mbili. Njiani alizungumzia mvua.

Saa tano na dakika ishirini na tano walikuwa chumba cha mahojiano: Kabula, Afande Martha aliyekuja na uso wa mtu anayengoja kuona, na Paschal, aliyeelezwa haki zake na kuzikubali kwa upole. Simu yake ilikuwa juu ya meza, alipoombwa aiweke.

"Mzee Mayige wa Sola unamjua?"

"Simjui."

"Mzee Bundala wa Dutwa?"

"Kwa jina. Alinunua ng'ombe wetu zamani."

"Sarafu mtandao unanunua?"

Paschal alitabasamu. "Mimi nauza madaftari, afande. Hayo mambo nayasikia tu redioni."

"Hujawahi kufungua hata akaunti?"

"Sijawahi."

Kabula aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamsomea, akamwomba aweke saini. Akaweka. Kisha Kabula akafungua mlango na kumwita Winnie, ambaye konstebo alikuwa naye kwenye korido. Binti aliingia pekupeku, akakaa pembeni, simu yake mkononi, na Paschal hakumtambua. Hakuwahi kumwona.

"Winnie, fungua ile oda ya jana," alisema Kabula. "Hapo chini unaweza bado kumwandikia mnunuzi?"

"Naweza."

"Mwandikie: *Mhoja anakusalimia.*"

Winnie aliandika. Halafu simu ya Paschal ikatetemeka juu ya meza, ikazunguka kidogo, kioo kikawaka, na wote wanne wakasoma maneno hayo mawili, chini ya alama ya ile programu ambayo yeye huisikia redioni tu.

Afande Martha alivuta kiti akakaa.

"Sawa," alisema Paschal. "Nilinunua. Kununua si kosa. Nililipa, yeye akaachia. Sasa kosa liko wapi?"

"Ulilipa kutoka namba ya nani?"

"Yangu."

"Imekuja kwa jina la Mayige."

"Ndilo jina langu la nyumbani."

Kabula aliinuka akafungua mlango kwa mara ya pili. Kwenye benchi Mzee Mayige alikuwa amekaa na kofia yake magotini, na kando yake Mzee Bundala, aliyefika dakika hiyo akiwa bado na vumbi la bodaboda kwenye nyusi. "Baba Mayige," aliita, "kuna kijana hapa anatumia jina lako. Sema naye kidogo."

Mzee alichungulia ndani. "Mwangaluka," alisema kwa baridi.

"Mwangaluka, baba," Paschal akajibu, kwa mazoea tu, na hapo Mzee Mayige akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Ndiye! Sauti ndiyo hii! Ndiye Deogratias!"

Paschal aliacha kukana. Alisema alidhani mambo yangeishia kwa mwenye laini, kwa sababu kila mara huishia hapo. Kabula aliandika na hilo, hasa hilo neno *kila mara*. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na saba. Kwenye akaunti yake sarafu elfu moja mia tatu na nane zilikuwa bado zimefungwa, dakika sita tu kabla ya kufunguka. Kabula alipiga picha kioo, akaizima simu na kuitia lakiri, na Afande Martha akaamuru barua iende kwa wenye programu sarafu zisitoke hapo mpaka hakimu aseme zirudi kwa nani.

"Na ile hati ya saa nane?" aliuliza Kabula.

"Ibadilishe jina," alisema mkuu wake. Alimgeukia Winnie, ingawa hakuwa mtu wa kusema maneno haya kila siku. "Binti, tumekulaza ndani usiku mzima na hukustahili. Pole sana. Nenda kachukue viatu vyako."

Winnie aliinama akaficha uso kwenye viganja, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia, na Kabula akamwacha alie.

Kaunta ilikuwa imejaa. Winnie alikuwa amekaa kwenye benchi akifunga kamba za viatu pale Mzee Mayige alipomsogelea, kofia mkononi. "Mayu, nilikuita mwizi mbele ya watu," alisema. "Mbele ya watu hawa hawa nasema nilikosea. Unisamehe."

"Yameisha, baba."

"Pesa yangu watanipa lini?" mzee alimuuliza Kabula.

"Hakimu akishaona vielelezo. Siku chache."

"Mvua haitamngoja hakimu," alisema Mzee Bundala, aliyekuwa amesimama nyuma yao. Alikohoa, akavuta koti lake lile, akapandisha sauti mpaka konstebo wa kaunta akainua kichwa. "Mzee mwenzangu! Ng'ombe ni wangu mimi. Si wa mkwe wala wa nani. Jozi ni milioni mbili na laki nane. Wachukue leo ulime, utanilipa hakimu akishasema."

Mzee Mayige alimsogelea. "Mbili na nane?" alisema. "Jana tumekaa zizini saa nzima, ungenitajia tu, mimi na wewe tungekuwa shambani!"

"Na wewe ungeuliza!"

Wakatazamana, kisha wakaanza kucheka, wakashikana mabega kama vijana, na Kabula naye akacheka. Winnie alikuwa wa mwisho, lakini alicheka. Alikuwa ameshapata simu yake baada ya kusaini kwenye daftari, na kabla hajainuka benchini alifungua ile programu, akafuta tangazo lake la zamani na kuandika jipya. Alimpa Kabula asome.

*Jina la akaunti na jina la aliyetuma pesa yafanane. Yasipofanana siachii, pesa inarudi ilikotoka. Hata kama ni jina lako la nyumbani.*

Kabula alisoma mara mbili, akamrudishia simu.

"Ongeza mstari mmoja," alisema.

"Upi, afande?"

"Hata kama ni mkwe wangu."